Draivu moja, printa moja, kompyuta mbili: namna ya kuunganisha Commodore 64 na VIC-20 bila kuunguza kitu

Kama una Commodore 64 (C64) na VIC-20, zile kompyuta za nyumbani za miaka ya 80, halafu draivu ya diski ya 1541 unayo moja tu, usihangaike kutafuta ya pili. Mashine zote mbili zina soketi ile ile ya mviringo, aina ya DIN, ya pini 6 kwa nyuma, kebo ni ile ile, na draivu yenyewe haijali inaitwa na nani. VIC-20 iliingia sokoni Marekani 1981, C64 ikafuata 1982, na soketi hiyo ikabaki vilevile, ndiyo maana printa na draivu zinahama kutoka mashine moja kwenda nyingine bila adapta yoyote. Ila plagi kuingia haimaanishi kila kitu kiko salama, na humo ndimo chipu nyingi zinapoungulia. Kwenye C64 waya za soketi hii zinaingia hadi kwenye chipu ya 6526, na 6526 za asili hazitengenezwi tena, zilizobaki ni za kuchomoa kwenye mashine zilizokufa, kwa hiyo tuzitunze.

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo hasara kubwa hutokea kabla hata hujagusa draivu. Kila kompyuta ibaki na adapta yake, uiandike jina kwa maka peni juu kabisa, sitanii. VIC-20 za mwanzo zinatumia plagi ya pini 2 inayoleta volti 9 za AC, za baadaye zikahamia plagi ya pini 7 kama ya C64. Adapta ya C64 inatoa vitu viwili kwa pamoja, volti 5 za DC na volti 9 za AC, na ile nyeusi nzito iliyojazwa gundi ngumu ndani haifunguki kirahisi na ina tabia mbaya sana, ikizeeka haifi kwa kuzima bali volti 5 inapanda, kompyuta inaendelea kuwaka huku RAM inakaangwa taratibu. Chukua multimita, weka kwenye DC, ncha nyeusi pini ya 2, nyekundu pini ya 5, usome. Ikiwa kati ya 4.75 na 5.25 sawa, ikizidi 5.25 weka pembeni usiitumie tena, nunua adapta mpya ya kisasa. Na usijisahau ukasema hii plagi si ya pini 7 tu, maana Atari 800XL nayo ina DIN ya pini 7 lakini mpangilio wa ndani ni tofauti kabisa, ukichomeka adapta ya C64 pale unapeleka AC mahali panaposubiri volti 5 za DC, Atari imekwisha.

Walioagiza vitu kutoka Marekani wakiwa huku kwetu au Oman, angalieni kibandiko nyuma ya 1541. Draivu ile ya kwanza, yenye umbo refu, ina transfoma yake ndani kwa ndani, kama imeandikwa 120V usiiguse na soketi ya 230 au 240 bila transfoma ya kushusha. 1541-II yenyewe ina adapta ya nje, hiyo rahisi zaidi maana unabadilisha adapta tu. Kingine, chomeka kila kitu, kompyuta zote mbili, draivu, printa na monita, kwenye ekstensheni moja yenye eathi inayofanya kazi. TV nyingi za sasa na adapta za bei rahisi hazina eathi na zinavujisha umeme kidogo kwenye bati la soketi, huusikii mkononi ila unapochomeka kebo huku vitu vinawaka ile cheche ndogo inapita kwenye chipu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ambayo haina mjadala: kuchomeka na kuchomoa kebo yoyote, vyote vikiwa vimezimwa.

Sasa tuje kwenye basi lenyewe, yaani zile waya za pamoja za soketi ya pini 6. Pini ya 1 ni SRQ, ambayo C64 na 1541 haziitumii kwenye kazi za kawaida. Pini ya 2 ni graundi. Pini ya 3 ni ATN, ya 4 ni CLK, ya 5 ni DATA, ya 6 ni RESET. Waya hizi za ishara zimetengenezwa kwa namna ambayo kifaa kinaweza kuvuta waya chini kwenda sifuri tu, hakuna kifaa kinachosukuma volti 5 kwa nguvu, volti 5 inarudi yenyewe kupitia rizista. Ndiyo maana unaweza kuunganisha vifaa kadhaa kwa mnyororo, kompyuta kwenda draivu, draivu kwenda printa, na wawili wakivuta waya mmoja kwa wakati mmoja hakuna shoti. Hapo watu wengi wanasema basi poa, soketi ya pili ya draivu si ipo wazi, nachomeka tu kompyuta ya pili. Na kweli itafanya kazi, zikiwa zote zimewashwa na ukitumia moja moja kwa zamu. Mimi siipendi hiyo njia na nakuomba usiizoee, sababu zipo tatu.

Ya kwanza ni ATN. Kompyuta ikivuta ATN chini inaviambia vifaa vyote viache vinachofanya visikilize, na mfumo wote umejengwa kwa kudhani anayetoa amri ni mmoja. Hakuna utaratibu wa foleni wala wa kuuliza kama kuna mwenzako anaongea. VIC-20 ikiomba orodha ya diski wakati C64 iko katikati ya SAVE, draivu inakatizwa, faili linabaki nusu. Ya pili ni RESET. Umeshaona ukiwasha C64 draivu inanguruma kidogo na taa nyekundu inawaka, hiyo ni pini ya 6 inafanya kazi, sasa fikiria mwenzako anahifadhi kitu na wewe unawasha C64 pembeni, draivu inaanza upya hapo hapo bila kumaliza kuandika. Ya tatu ni kifaa kilichozimwa. Kompyuta au printa iliyochomekwa lakini imezimwa haikai kimya, rizista zake zimeunganishwa kwenye laini ya volti 5 isiyo na umeme, kwa hiyo badala ya kuvuta waya juu zinauvuta chini. Matokeo yake ni ile mashine kuganda kwenye SEARCHING na hujui kwa nini. Watu wanafungua draivu kutafuta ubovu kumbe ni printa imezimwa mwisho wa mnyororo.

Dawa ni kiboksi cha swichi. Wazo si geni, miaka ya 80 kampuni ya Handic ya Uswidi iliuza kifaa kiitwacho VIC Switch kilichoruhusu kompyuta hadi 8 kutumia draivu na printa moja, ila kwa kompyuta mbili huhitaji elektroniki yoyote, swichi ya kugeuza kwa mkono inatosha na kwa maoni yangu ndiyo bora maana unajua kwa macho nani ana zamu.

Tafuta soketi tatu za DIN pini 6, boksi dogo la plastiki, waya mwembamba, na swichi ya njia mbili yenye poli 4, yaani inayogeuza waya nne kwa mpigo mmoja. Ukikosa hiyo swichi, zile AB za printa za miaka ya 90, zile boksi za bati zenye kitasa cha kuzungusha A na B, zinafaa sana, ndani zina poli za kutosha na kupitiliza. Unganisha hivi: pini za 2 za soketi zote tatu ziunganishwe pamoja moja kwa moja bila kupita kwenye swichi, graundi isikatike kamwe. Pini ya 3, 4, 5 na 6 kila moja ipite kwenye poli yake, upande wa kati uende kwenye draivu, pande mbili ziende kwa kompyuta A na B. Pini ya 1 iache wazi. Namba za pini kwenye DIN hazifuatani mstari mmoja, usikisie, angalia namba ndogo zilizochapwa kwenye plastiki pembeni ya kila pini, na kumbuka ukigeuza upande wa kulehemu picha inageuka kulia kushoto. Watu wengi wanaruka pini ya 6 wakidhani haina kazi. Ipitishe kwenye swichi, kwa sababu ndiyo inayohakikisha kuwasha kompyuta isiyo na zamu hakuigusi draivu.

Kabla ya kuchomeka kwenye mashine pima na multimita ile ya mlio. Swichi ikiwa A, kila pini ya draivu ilie na pini yake ya A tu, isilie na ya B, na pini mbili tofauti zisilie kati yao. Ukimaliza, chomeka kila kitu kikiwa kimezimwa, washa printa na draivu kwanza, diski ikiwa nje, kisha kompyuta. Diski iwe nje wakati wa kuwasha na kuzima siku zote, kichwa cha draivu kinaweza kuacha alama mahali kilipo. Halafu kwenye kompyuta yenye zamu weka diski uandike

LOAD"$",8

orodha inatakiwa ije. Kwenye ile nyingine andika hivyo hivyo, inatakiwa ikujibu ?DEVICE NOT PRESENT ERROR. Ukipata majibu hayo mawili kiboksi chako kiko sawa. Ile ya pili ikiganda badala ya kutoa hiyo eroo, kuna waya umegusana au poli moja haikatiki.

Kugeuza swichi wakati vyote vinawaka inaruhusiwa, ila angalia kwanza taa ya kazi ya draivu, ambayo kwenye 1541 ya kwanza ni nyekundu. Hapa watu wanakosea kwa kusikiliza mota. Mota ya 1541 inazima yenyewe baada ya muda mfupi hata kama kuna faili liko wazi, ila taa nyekundu inabaki imewaka hadi faili lifungwe. Kwa hiyo mota kimya na taa imewaka maana yake kuna programu bado inaandika au imesahau CLOSE, usiguse swichi. Taa ikipepesa kuna eroo, isome kabla ya kuhama:

10 OPEN15,8,15
20 INPUT#15,A,B$,C,D
30 PRINT A;B$;C;D
40 CLOSE15

Iandike kama programu na RUN, maana INPUT# haifanyi kazi ukiiandika moja kwa moja bila namba ya mstari. Ukiona 0 OK endelea. Ukiona 73 CBM DOS V2.6 1541 wala usiogope, ni draivu inakuambia imetoka kuanza upya sasa hivi, na kama hukuwasha chochote wewe, ujue RESET inapenya kutoka mahali, rudi ukague pini ya 6.

Hiyo 73 ina maana kubwa kwa jambo lifuatalo, kasi. Commodore walitoa kwanza draivu ya 1540 kwa ajili ya VIC-20. C64 ilipokuja chipu yake ya picha inamsimamisha prosesa mara kwa mara ili kusoma skrini, kwa hiyo inakosa ishara zikija haraka, ndipo wakatoa 1541 ambayo ni taratibu kidogo. Ukiwasha 1541 inaanza kwenye mwendo wa C64, VIC-20 inaisoma bila shida ila polepole. Ukitaka VIC-20 iende kasi yake andika

OPEN15,8,15,"UI-":CLOSE15

na ukimaliza, kabla ya kugeuza swichi kwenda C64, rudisha

OPEN15,8,15,"UI+":CLOSE15

Ukisahau hiyo ya pili C64 inaweza kushindwa kusoma au ikaganda, na utadhani diski imeharibika. Kama hufanyi mambo mazito kwenye VIC-20 mimi nakushauri uache kabisa UI-, muda unaookoa ni mdogo kuliko usumbufu. Vilevile kama ulibadilisha namba ya draivu kwa programu kutoka 8 kwenda 9, ikipata RESET inarudi 8, kwa hiyo wenye draivu mbili kwenye mnyororo wabadilishe namba kwa swichi ndogo za nyuma kwenye 1541-II, au kwa kukata daraja la ndani kwenye 1541 ya zamani.

Diski zenyewe zinasomeka pande zote, muundo ni mmoja, bloku 664 za kutumia. Ila kuna mtego ambao watu wachache wanaujua: 1541 inashika kwenye kumbukumbu yake ramani ya bloku zilizo wazi, na inatambua diski imebadilishwa kwa kusoma ID ya herufi mbili. Ukiwa na diski ya VIC na diski ya C64 zenye ID sawa, ukabadilisha, draivu inaweza kudhani ni ile ile na ikaandika kwa kutumia ramani ya diski iliyotoka, yaani inaandika juu ya mafaili yako mengine. Wakati wa kufomati kila diski ipe ID yake, mfano OPEN15,8,15,"N:VIC,V1":CLOSE15 na nyingine "N:C64,C1", ukijua kwamba amri hiyo inafuta kila kitu. Kwa diski za zamani ambazo ID zake huzijui, baada ya kubadilisha tuma OPEN15,8,15,"I":CLOSE15 kwanza ndipo uandike. Na ukiona kwenye orodha faili lina nyota kabla ya PRG au SEQ, hilo halikufungwa vizuri, usilifute kwa amri ya kawaida ya S, linaweza kuachia bloku zisizo zake, tumia OPEN15,8,15,"V":CLOSE15, itapanga upya ramani na kuliondoa.

Kuhusu programu zenyewe, za lugha ya BESIKI (BASIC) pakia kwa ,8 bila ,1. VIC-20 isiyoongezewa RAM inaanza kuweka programu kwenye anwani 4097 ya kumbukumbu, C64 inaanzia 2049, na ukiweka ,8,1 programu inakwenda pale ilipohifadhiwa mwanzo hata kama kwenye mashine hii hapo si mahali pake. Mimi naanza majina ya mafaili na V- au C- na inasaidia sana.

Printa kama MPS-801 nayo inakaa kwenye mnyororo huo huo nyuma ya draivu, namba 4 au 5 kwa swichi yake ya nyuma, iache 4. Ukishachapa listi kwa OPEN4,4:CMD4:LIST usiishie hapo, maliza na PRINT#4:CLOSE4 kabla ya kugeuza swichi. Bila hiyo PRINT#4 printa inabaki inasikiliza, na chochote kitakachopita kwenye waya itadhani ni chake. Kama leo huchapi chochote ichomoe kabisa kwenye mnyororo vyote vikiwa vimezimwa, usiiache imezimwa huku imechomekwa.

Datasette, ile rekoda ya kaseti ya Commodore, kwa upande wake usiifikirie kabisa kuigawa kwa swichi. Plagi yake ni ya kuchopeka kwenye ukingo wa bodi, ina volti 5 na laini ya mota zimekaa jirani kabisa, ukiiingiza kimshazari mashine ikiwa inawaka zinagusana, na kwenye C64 baadhi ya waya zile zinakwenda moja kwa moja kwenye prosesa ya 6510. Zima, chomoa, chomeka kwingine, washa. User port, lile tundu la nyuma la vifaa vya ziada, ni hivyo hivyo na hatari zaidi kwa sababu ina volti 9 za AC humo humo, plagi isiyo na kizuizi ikiingia juu chini unapeleka AC kwenye chipu.

Monita ya 1702 ndiyo raha, maana haihitaji kiboksi. Ina soketi za mbele za video na sauti, na nyuma ina tatu, luma (ishara ya mwanga), kroma (ya rangi) na sauti, na swichi ya kuchagua mbele au nyuma. Weka C64 nyuma kwa kebo ya pini 8 upate picha safi, VIC-20 weka mbele kwa kebo ya kompozit. Ila hakikisha zote ni PAL au zote ni NTSC, ile mifumo miwili ya TV, sawa na monita. Na hizo kebo zisibadilishane! Soketi ya video ya VIC-20 ni DIN ya pini 5 sawa kabisa kwa umbo na ile ya C64 za mwanzo, lakini pini ya 1 kwenye C64 ni luma, wakati kwenye VIC-20 pini hiyo hiyo ni umeme wa kulisha kile kiboksi cha nje cha TV. Kebo ya C64 iliyounganishwa luma, ukiichomeka kwenye VIC-20, inapeleka umeme huo moja kwa moja kwenye mlango wa luma wa monita yako. Bandika karatasi yenye jina kwenye plagi zote mbili.

Joistiki za Atari za kawaida zinafaa pande zote bila wasiwasi, VIC-20 ina tundu moja na C64 ina mawili. Usiweke pedi ya Sega Mega Drive hata kama inaingia vizuri, ndani ina chipu inayosukuma volti 5 kwenye waya za mwelekeo, na waya hizo kwenye C64 zinashirikiana na kibodi, kwa hiyo 6526 inavuta chini na pedi inasukuma juu kwa wakati mmoja, na anayeumia ni 6526. Kuna adapta ndogo za kuzuia hilo, zipo madukani mtandaoni.

Kwa wale wanaotumia SD2IEC, kifaa kinachosoma kadi ya SD kama draivu, badala ya diski, kiboksi ni kile kile, ila nyingi zinachukua umeme kwenye tundu la kaseti la kompyuta. Ukiichomeka umeme wake kwenye C64 halafu unataka kuitumia na VIC-20, ni lazima C64 nayo iwake muda wote, na ukiizima kadi inakatikiwa umeme katikati ya kuandika. Nunua ile yenye tundu la USB, uipe chaja yake ya volti 5 kwenye ekstensheni ile ile, na ile plagi ya kaseti usiichomeke popote.